Gauni Nililolikata kwa Jicho

Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, aliniuliza mbele ya wenzake kama ni kweli kwamba zamani nilikuwa na mashini tano na wanafunzi wanane kule Butembo, kisha nikaacha vyote nikaja kukaa jikoni Beni. Wengine mlicheka kwa mkono mdomoni, mkidhani mama mzee atakasirika. Nilikasirika kweli, lakini si kwa swali. Aliyeuliza alikuwa anakanyaga mashini huku uzi wake umekatika zamani, anashona hewa, wala hajui. Basi nimeona niwajibu kwa maandishi, ili mnisome mkiwa kwenu, na foyer, hapa mnapojifunza kushona, iwe mahali pa kazi.

Ni kweli. Zilikuwa tano, nne za kukanyaga kwa miguu na moja ndogo ya kuzungusha kwa mkono, na meza ya kukatia iliyokuwa ndefu kuliko chumba ninacholala leo. Ni kweli pia kwamba niliacha. Ila sikuja kwa ajili ya jiko. Nilikuja kumfuata binti yangu Kahindo, niliyekuwa nimemwacha hapa kwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, na sikujua kama bado ananitaka. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Nikipotea njiani mnivumilie. Sijawahi kukaa kitako nikasema jambo moja hadi mwisho, hata mistari hii michache nimeshainuka mara nne.

Kazi nilijifunza kwa Maître Kakule, mwanamume mfupi, mkavu, aliyekuwa na atelie ya vyumba viwili Butembo. Sisi wanafunzi tulimwita Maître na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Miezi sita ya kwanza hakunionyesha mashini. Alinipa wembe na rundo la makoti ya mtumba, akaniambia nifumue. Butembo kuna baridi, makoti hayaishi. Nilifumua mikono, nikafumua kola, nikafumua bitana, vidole vikajaa makovu. Siku moja nilimuuliza nitaanza lini kushona.

“Nguo yenye kushonwa iko inakuficha mambo,” alisema bila kuinua kichwa. “Uifumue, njo itakuambia yote. Uko na haraka ya kwenda wapi, Masika?”

Nilikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilizaliwa hivyo. Mama yangu alisema nilitembea kabla ya kutambaa, ingawa naye alipenda kuongeza maneno.

Jambo la pili alilonifundisha ni jicho. Alikuwa ananisimamisha mlangoni, ananiambia nimtazame mwanamke anayepita, nimtazame kwa nyuma, akiwa anatembea. Ukimtazama mtu kwa mbele anavuta tumbo na kuinua kifua, na wewe unamshonea mtu ambaye hayupo. Mgongo haujui kudanganya. Nilitazama migongo ya Butembo mwaka mzima. Baada ya hapo niliweza kukata blauzi ya mtu kwa kumwona anavuka barabara mara moja, na mita ya kupimia ikawa pambo la shingoni. Watu walikuja kutoka mbali kwa sababu ya jicho hilo, na nilipofungua atelie yangu mwenyewe walinifuata. Nilikuwa na kiburi, siwafichi.

Kuna wateja ambao hata mgongo wao sikuuona. Wa Alimbongo, kwa mfano, hawakuweza kushuka mjini kila mara, kwa hiyo walituma kamba pamoja na kitambaa. Fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu makalio, la nne urefu mpaka miguuni. Kamba ilisafiri katika mfuko wa dereva wa lori la viazi, na gauni lilirudi kwa lori hilohilo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku ya bibi arusi mmoja. Nilishona gauni lake kwa kufuata kamba, nikalipiga pasi, nikalituma, na siku tatu baadaye mama yake alinifikia mwenyewe, amekaa mbele ya lori na gauni mapajani.

“Mama Masika, uliona mutoto yangu ni njiti?” aliniuliza.

Tulichukua ile kamba. Nikamuuliza alipimaje. Akasema alizungusha kamba kifuani, akashika pale kwa kidole, kisha akafunga fundo palepale ili alama isipotee. Sasa mnaelewa. Fundo linakula kamba. Mafundo yake yalikuwa manene, ya kufungia mbuzi, na kila moja lilikuwa limemeza vidole viwili vya mwili wa yule binti. Harusi ilikuwa Jumamosi na siku ile ilikuwa Alhamisi. Nilifumua ubavuni pande zote mbili, nikaingiza vipande virefu vya kitambaa cha rangi nyingine, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Mwezi uliofuata wanawake watatu wa Alimbongo waliniagiza gauni lenye vipande ubavuni, “ile modèle ya mupya”. Tangu hapo niliwaambia wateja wote: musifunge fundo, mufunge uzi mwekundu. Nanyi mkipokea kipimo ambacho hamkukichukua kwa mkono wenu, ulizeni kwanza kilichukuliwaje.

Halafu vita vikaingia. Ninyi mmezaliwa ndani ya vita, mnadhani vilikuwapo tangu kuumbwa dunia, lakini sisi tuliviona vikija. Kundi moja lilifika, likaondoka, likaja lingine, na kila waliofika walitafuta mambo mawili: chakula na mshonaji. Suruali zao zilikuwa ndefu mno au fupi mno, hakuna jeshi nililoliona lenye suruali za kutosha miguu yake. Askari aliingia na bunduki, akailaza juu ya meza ya kukatia, akasema kwa Kilingala, “Mama, katela ngai pantalon oyo, noki noki,” na mimi nikamkatia suruali yake upesi kama alivyotaka, pini mdomoni, nikimwomba Mungu bunduki isianguke. Sikuweza kukataa. Lakini nitasema na lile ambalo watu hawapendi kusema: nilipenda kazi kuwa nyingi. Mashini zote tano zilikuwa zinalia tangu asubuhi, wanafunzi wanakimbia, watu wanapanga mstari mlangoni, na mimi katikati nikiamuru. Hofu na furaha vilikuwa vinakaa katika kiti kimoja.

Baba ya watoto wangu alikuwa amekufa kwa ugonjwa kabla ya hayo. Wavulana wangu wawili walikuwa internat, wanasoma na kulala kwa mapadri. Nyumbani alibaki Kahindo, aliyekuwa na miaka minne. Nyumbani nimesema, lakini alikuwa anaishi chini ya meza ya kukatia. Alicheza huko na vipande vya vitambaa, alilala huko mchana, na siku risasi ziliposikika upande wa kilima hakuwa na haja ya kujificha, alikuwa amekwisha kujificha.

Mdogo wangu Kavira alipanda kutoka Beni kutuangalia. Alikuta mtoto yuko chini ya meza, na juu ya meza kuna kofia ya askari.

“Yaya, unipatie huyu mutoto,” alisema, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya. “Huku hapana muzuri tena. Kwetu kuko wanzake, atacheza.”

Nilikubali. Nilikuwa na nguo za kwaya nzima za kumaliza. Nilimfunga Kahindo sweta, nikamwambia nitakuja kumchukua upesi, nikarudi kwenye meza. Lori la Kavira liliondoka nami sikutoka nje kupunga mkono, maana nilikuwa nimeshika mkono wa kanzu ya padri, na mkono wa nguo ukiuachia kabla ya kuubana kwa pini unapotea.

Miaka mitatu. Njia ilifungwa mara nyingi, ni kweli, na kila mtu wa Butembo atawaambia jinsi Beni ilivyokuwa karibu na jinsi ilivyokuwa mbali. Nilikwenda mara mbili tu, kila mara siku moja, nikarudi na lori lililonileta. Lakini kulikuwa na majuma ambayo njia ilikuwa wazi, watu wanapita na kuku wao na viazi vyao, nami nilikuwa na kazi. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kwa namna nyingine miaka yote hii. Haina namna nyingine.

Kilichonitoa ni asubuhi moja nilipofika atelie na ufunguo mkononi nikakuta mlango umelala chini. Walikuwa wamechukua mashini mbili na karibu vitambaa vyote. Vingine vilikuwa vya wateja. Wanafunzi wangu walilia. Mimi nilizunguka mjini siku nzima kuwarudishia wenyewe vipande vilivyobaki na kuwaomba msamaha kwa visivyobaki, nyumba baada ya nyumba. Jioni nilikaa juu ya kile kizingiti kisicho na mlango, nikangoja kulia. Machozi hayakuja. Nilichosikia ndani yangu kilikuwa nafuu, na nafuu hiyo iliniogopesha kuliko wezi. Nikajiuliza nilikuwa nimebeba nini muda wote huo.

Mashini mbili za kukanyaga niliwaachia wanafunzi wakubwa, Jeannette na mwenzake, waanze maisha yao. Ile ndogo ya mkono niliiviringisha ndani ya godoro, nikapanda juu ya magunia ya lori, nikashuka Beni. Vyombo vyangu vyote vilikuwa godoro, mashini, sufuria mbili, na mfuko wa vipande vya vitambaa.

Nyumba ya Kavira ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje, huku mtaa wa Ruwenzori. Alikuwa na mume, mkulima mpole, na watoto wanne. Nilipewa kulala chumba kimoja na wasichana. Kahindo alikuwa na miaka saba. Alinisalimu kwa mikono miwili, akapokea mfuko wangu, akaniletea kiti na maji ya kunywa katika kikombe kizuri cha nyumba.

“Karibu, mama,” alisema.

Nilijisikia malkia. Nilikuwa nimeogopa kwamba atanikimbia, au atauliza mimi ni nani. Jina la mama lenyewe halikuniambia kitu, kwani kwetu dada ya mama ni mama, na Kavira naye alimwita hivyo. Lakini nilimwona ana adabu na nikasema moyoni, Masika, umesamehewa bure.

Sasa nieleze habari ya kukaa. Mwili wangu haukuwa na neno hilo. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshafagia ua, nikaufagia tena kwa upande mwingine. Nilipanga sufuria za Kavira kufuatana na ukubwa, akawa hazipati. Nilifumua pazia lake nikalishona upya, na lilikuwa halina kosa. Lori likipita barabarani nilisimama, kama mtu aliyeitwa jina. Joto la Beni lilinichosha, mchana watu wenye akili wanakaa kivulini, mimi nazunguka nyumba natafuta kitu kilichochanika.

“Yaya, ukae,” Kavira alisema. “Miye ninachoka na kukuangalia tu.”

Nikasema basi nitapika. Hapo ndipo mlipotaka kucheka, chekeni. Butembo nilikuwa nanunua chakula kwa jirani au napikiwa na wanafunzi. Nilikuwa mwanamke wa makamo asiyejua kusonga bugali ya unga wa muhogo. Nilikadiria maji kwa jicho, kwa kiburi kilekile, na bugali ikatoka kama udongo wa matofali juu na uji chini. Watoto walitazamana. Mume wa Kavira alijitahidi na tonge moja, akalizungusha mkononi, akalitazama.

“Shemeji,” alisema, “hii bugali iko inaomba makasi.”

Tulicheka, hata mimi, na tangu siku ile mezani aliniuliza kama leo atumie mkono au makasi. Shemeji ana ruhusa. Lakini wakati wenzake wanacheka, Kahindo hakucheka. Alimaliza sahani yake yote, akaiweka chini, akasema, “Aksanti, mama.” Nilijivunia. Nilimwambia Kavira, umeona mtoto wangu alivyo na heshima. Kavira alizidi kuchochea makaa.

Nilichukua miezi kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu, mimi fundi wa macho. Kahindo aligombana na Kavira kila siku. Mama, huyu Kambale wako ameshika daftari yangu. Mama, sitaki kwenda mtoni, nilikwenda jana. Mama, unaniumiza nywele. Alinuna, alibamiza mlango, alikataa viatu vya dada yake. Kwangu mimi hakulalamika kitu hata kimoja. Sahani yangu ilikuja ya kwanza na imefunikwa. Nikimsuka hakusema aah. Mnajua ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa pale miezi mitano na mtoto wangu bado ananiletea kiti.

Nikaamua kufanya ninachokijua. Noeli ilikuwa inakaribia. Katika mfuko wangu kulikuwa na kipande kizuri cha pamba chenye maua ya manjano, nilichokificha tangu zamani. Nikasema nitamshonea gauni ambalo hakuna mtoto Beni analo. Kola ya mviringo, mikono ya puto, mikunjo midogo kiunoni, mshono wa ndani umefungwa pande zote usionekane uzi. Nilitaka awe na mshangao, kwa hiyo sikumpima. Tangu lini mimi napima? Nilimtazama anakwenda kuchota maji, nikamtazama mgongo, nikakata.

Asubuhi ya Noeli nilimpa. Alilipokea kwa mikono miwili. Lilimpita kichwani kwa shida, mabegani likakaza, na pindo likaishia juu ya magoti, pale ambapo mtoto anayekwenda Misa hawezi kuliacha. Mimi nikawa na maneno mengi ya haraka, kwamba tulivue, kwamba nitafumua sasa hivi, dakika kumi.

“Hapana, mama. Iko muzuri,” alisema Kahindo. “Aksanti.”

Akaenda nalo kanisani. Nilikaa safu ya nyuma yake. Wasichana wangu wa foyer, niliona mgongo ule Misa nzima. Alitembea mikono imebana mbavu ili mshono usiachie. Wakati wa kuimba watoto wote walipiga makofi juu, yeye alipiga kidogo chini, mbele ya tumbo, viwiko vimeganda. Hakutaka nijue kwamba linamfinya. Ndivyo mtu anavyofanya na zawadi ya mgeni.

Tuliporudi Kavira alinikuta nyuma ya jiko nimeshika wembe.

“Yaya, ulikata nguo ya ule mutoto wa zamani,” alisema taratibu. “Huyu iko na miaka saba.”

Alikuwa na haki. Nilimtazama kila siku na nilikuwa namwona yule wa chini ya meza. Jicho langu lilimjua kila mwanamke wa Butembo, na lilikuwa halijawahi kukaa juu ya mtoto wangu muda wa kutosha ili limwone anakua. Nililia siku ile, na vizuri. Kisha nikafumua, nikaongeza vipande mabegani na ukanda chini, safari hii kwa mita, naye akasimama wima mbele yangu kama mtoto anayepimwa na daktari. Akasema aksanti.

Ndiyo maana nawagombeza mkikata kwa macho. Mnadhani mama mzee amepitwa na wakati wakati ninyi mnaniletea picha za simu. Jicho ni zuri, lakini jicho linashona linachokumbuka. Pimeni hata mnayemjua. Mnayemjua zaidi, mpime mara mbili.

Nimefika sasa kwenye siku yenyewe. Miezi minne baada ya Noeli hiyo njia ilitulia kidogo, na mama mmoja wa Butembo, kiongozi wa chama cha akina mama wa parokia, alishuka Beni kunitafuta. Walikuwa na sherehe kubwa inakuja, padri wao wa kwanza wa ukoo anapewa daraja, wanataka sare kwa wote, na wanataka mkono wangu. Chumba kilikuwa tayari. Wanafunzi walikuwa tayari. Alikuwa hajamaliza kusema nami nimeshasimama. Sijui niwaelezeje. Damu yangu yote ilikwenda miguuni. Nilikuwa nimekaa miezi tisa nikikunja nguo za watoto, na mtu ananiambia kuna meza ndefu inaningoja. Nikasema ndiyo kabla ya kumwangalia Kavira.

Kavira hakunizuia. Aliniuliza tu kama nimemwambia mtoto. Nikasema nitamwambia akirudi shuleni.

Kahindo aliporudi alikuta mashini imeshaviringishwa ndani ya godoro, imefungwa kamba, iko mlangoni. Alisimama na begi lake mgongoni. Nikainama, nikatabasamu, nikatumia sauti ninayotumia kwa wateja.

“Ninapanda Butembo kidogo tu, mama yangu. Juma mbili, njo narudi.”

Uso wake ulibadilika mbele yangu.

“Juma mbili?” alisema. “Hata ile siku ulisema juma mbili.”

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba siku alipochukuliwa Butembo nilimtajia muda.

“Mi nilihesabu,” alisema, na sauti ikaanza kupanda. “Mama Kavira alinionyesha. Kila siku nilikuwa natia kokwa moja ya mahindi mu kikombe. Zikafika kumi na ine, nikavaa viatu, nikakaa mu mulango. Nilikaa paka giza. Mama Kavira njo alinivua viatu, mi nilikuwa nasinzia. Kesho yake nikavaa tena.” Alivuta pumzi. “Basi uende. Uende na ile robe yako. Ilinifinya Noeli yote na sikusema. Na kola yake inakwaruza. Siitaki.”

Aliingia chumbani, akatoka na lile gauni la maua, akalitupa juu ya godoro, akaenda zake nyuma ya nyumba.

“Kahindo,” Kavira aliita kwa ukali, “banaongeaka vile na mama?”

“Umuache,” nilimwambia. “Nakuomba, umuache.”

Niliona aibu kiasi cha kutaka ardhi inimeze, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha, naisema ilivyokuwa, furaha mbaya isiyo na adabu. Miezi tisa nilikuwa nangoja mtoto huyu anifungulie mlango, na alipoufungua alinibamiza nao. Hakuna anayempigia mgeni kelele namna ile.

Nilikaa juu ya godoro. Nilikaa kweli, muda mrefu, sikumbuki kama nimewahi kukaa vile kabla ya hapo. Malori mawili yalipita sikusimama. Kisha nikafungua kamba, nikairudisha mashini kwenye kiti chake chini ya dirisha, na yule mama wa Butembo nikamwambia aende kwa Jeannette.

Msidhani nilipata amani. Nilijuta wiki nzima. Niliambiwa sare zilikuwa nzuri, ila kola zilikuwa zinainuka upande mmoja, na nilitamani kupanda baiskeli ya mtu yeyote nikazifumue palepale kanisani. Hata leo nikisikia Butembo kuna sherehe vidole vinacheza. Kutulia ni kazi niliyoanza ukubwani na sina Maître wa kunifundisha, mnaniona wenyewe ninavyozunguka kati ya mashini zenu mpaka mnapata kizunguzungu. Nilishona hapohapo chini ya dirisha, sare za shule na mashati ya majirani, mashini moja, mkono mmoja unazungusha. Sikuwa na mlango uliopangiwa mstari tena.

Na Kahindo hakuja kunikumbatia. Siku tatu hakusema nami neno. Alipita mbele yangu kana kwamba mimi ni ukuta. Hakuniletea kiti wala sahani yenye kifuniko, nikajipakulia mwenyewe jikoni na kula kwenye benchi pamoja na wengine. Siku ya nne, mchana, nilikuwa nimepika sombe, yale majani ya muhogo, na wali. Watoto walikaa, mume wa Kavira alikaa, Kahindo akakaa mkabala nami bila kunitazama. Akaonja. Akaweka kijiko chini kwa kishindo.

“Mama,” alisema, na safari hii alikuwa ananiangalia machoni, “hii sombe haina chumvi. Hata ile ingine haikukuwa na chumvi. Kila siku unapikaka bila chumvi.”

Nikamgeukia Kavira, naye akainamisha uso kwenye kikwembe chake alichojifunga. Nikamgeukia shemeji, akawa anatazama paa. Miezi tisa nilikuwa nawapikia, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa ameniambia.

Nikainuka kwenda kuleta chumvi.